Nyuso nne, rafu moja ya bafuni

Maji matupu ndiyo yaliyoniumbua. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, nimejimwagia maji usoni kama siku zote, yakaniwasha kana kwamba mtu amenipaka pilipili. Hapakuwa na sabuni wala krimu. Maji. Nikawasha taa, nikajisogeza kwenye kioo. Mashavu yalikuwa yanang'aa, ila si ule mng'ao niliokuwa nikiutafuta. Yaling'aa kama nailoni iliyovutwa ikakazika. Pembeni mwa pua ngozi ilishaanza kubabuka.

Nilijua nilichofanya. Alhamisi ya wiki ile nilikuwa na usaili wa kazi, na Jumapili usiku nikajiambia kwamba nitaondoa seli zilizokufa usoni, niingie mle chumbani na uso laini kama wa mtoto. Nikaanza na skrabu ya chembechembe, nikasugua dakika tatu nzima huku nikiimba. Nikafuatisha tona, yaani maji ya kupaka baada ya kunawa, ya asidi ya glaikoliki asilimia 10. Halafu, kwa kuwa ulikuwa usiku wa krimu yangu ya retinoli (aina ya vitamini A), nikaipaka nayo juu yake. Iliwasha. Nikasema moyoni: inafanya kazi. Jumatatu nilipogusa shavu na kulikuta laini kweli, nikarudia mchezo wote tangu mwanzo. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Kazi niliipata. Madoa meusi niliyoyapata pamoja nayo yalikaa mashavuni miezi mitano.

Tangu siku ile mimi ndiye mkuu wa rafu ya bafuni nyumbani kwetu. Tunaoitumia ni wanne: mimi, mume wangu, mama yangu aliyetimiza miaka 63, na mdogo wangu wa kiume wa miaka 19 ambaye pua yake hung'aa kabla ya saa tano asubuhi. Kila mmoja ana ngozi yake, na kila mmoja kwa wakati wake amewahi kunyoosha mkono kuchukua chupa isiyomhusu.

Lugha yetu ina neno nongo, na nadhani neno hilo limetuponza. Tunaziona seli zilizokufa kama uchafu uliogoma kutoka, kwa hiyo tunasugua mpaka tuone kitu kinaviringika chini ya vidole. Lakini tabaka la juu kabisa la ngozi lote ni seli zilizokufa. Zimepangana kama vigae vya paa, safu kumi na tano hadi ishirini hivi, na kwa pamoja ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Paa hilo ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Seli hushikana kwa viunganishi vya protini, na mwili una vimeng'enya vyake vya kuvikata viunganishi hivyo kidogo kidogo, kwa hiyo vigae vya juu hudondoka bila sisi kuona. Kwa kijana, seli mpya huchukua takriban mwezi kutoka chini hadi kudondoka; umri ukisogea, safari hiyo hurefuka. Bidhaa ya kuondoa seli zilizokufa inausaidia tu mwili katika kazi ambayo unaifanya tayari. Ukizidisha, unaezua paa wakati wa mvua.

Kuhusu hizo nongo zinazoviringika: mdogo wangu alileta jeli ya kuchubulia uso, zile unazopaka, ukisugua zinatoka vipande vyeupe kama vifutio vya shule. Alifurahi sana, ananionyesha kiganja: "Dada, ona uchafu huu!" Nikachukua sahani safi ya kioo, nikapaka jeli ileile, nikasugua. Vikatoka vipande vilevile. Sahani haina ngozi. Ni vile viambato vya kuifanya jeli iwe nzito, vinavyoganda vinaposuguliwa. Hakunisemesha mpaka jioni.

Skrabu za chembechembe sizitaki usoni, na hilo ni langu, wala sikulazimishi. Shida yangu ni mkono. Asidi ya asilimia 5 leo ni asilimia 5 kesho, lakini nguvu ya mkono wangu hutegemea nimeamka vipi na nina hasira na nani. Zile zenye maganda ya kokwa yaliyosagwa zina pembe kali. Zile za chembe za plastiki zilipigwa marufuku Marekani kwa sheria ya mwaka 2015 na Uingereza mwaka 2018, kwa sababu zilikuwa zinaishia mitoni na baharini. Visigino na viwiko ni habari nyingine; huko dodoki na jiwe vifanye kazi yake, ngozi ya kisigino ni nene. Uso ukitaka kusuguliwa, kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu kinatosha.

Sasa asidi. Neno lenyewe linatisha, na watu wengi hukimbilia skrabu kwa kuliogopa, ingawa nyingi kati ya hizi ni za upole kuliko mkono wa binadamu. Kwenye chupa utaona herufi. AHA ni kundi la asidi zinazoyeyuka katika maji na kulegeza ile gundi inayozishikanisha seli za juu. Mwaka 1974 watafiti wawili huko Marekani, Eugene Van Scott na Ruey Yu, waliandika jinsi asidi hizi zilivyosaidia wagonjwa wenye ichthyosis, ugonjwa ambao ngozi hujaa magamba kama ya samaki. Huko ndiko zilikotokea, katika tiba, kabla hazijaingia kwenye chupa za warembo.

Katika kundi hilo ukubwa wa molekuli ni jambo la kutazama. Glaikoliki ndiyo ndogo kuliko zote, uzito wake ni 76. Laktiki ni 90. Mandeliki ni 152. Ndogo hupenya upesi na hufanya kazi upesi, na huwasha upesi. Kubwa hujikokota. Niliponunua tona yangu ya kwanza sikulijua hilo, nilitazama tu chupa ipi ina namba kubwa.

BHA, kwa maana ya kwenye chupa, ni asidi ya salisiliki. Sifa yake ni kwamba huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo inaweza kuingia ndani ya kitundu cha ngozi kilichojaa mafuta, mahali ambapo ndugu zake wa maji hawafiki vizuri. PHA, mfano glukonolaktoni, zina molekuli kubwa zaidi, huingia polepole, tena huvuta unyevu. Watu wa ngozi nyeti wangeanzia huko.

Na asilimia peke yake ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni pH, yaani ukali wa asidi yenyewe ndani ya chupa; namba ikishuka, ukali unapanda. Glaikoliki ya asilimia 10 yenye pH 5 ni mpole. Ileile yenye pH 3 ni kitu kingine kabisa. Jopo la wataalamu wanaopima usalama wa viambato vya vipodozi Marekani liliweka mpaka kwa bidhaa za AHA za kutumia nyumbani: isizidi asilimia 10, na pH isishuke chini ya 3.5. Kampuni nyingi hazichapishi pH kwenye chupa. Mimi isipoandikwa, na siipati popote kwenye maelezo yao, ninairudisha rafuni.

Nirudi kwa wenye nyuso.

Mdogo wangu ana ngozi ya mafuta na vichwa vyeusi puani, na chunusi ndogondogo kwenye paji la uso. Huyu salisiliki ya asilimia 2 ilimfaa, mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha usiku mmoja ndani mmoja nje. Kazi kubwa ilikuwa kumzuia. Siku ya tatu alikuwa ananiuliza mbona chunusi zipo. Nikamwambia ahesabu wiki sita, na asitazame kioo kwa karibu kuliko urefu wa mkono. Kuna jambo lilimtoa roho: vile vidoa vya kijivu vilivyopangana puani, alivyovikamua kila Jumamosi na vikarudi. Vingi kati ya vile si vichwa vyeusi. Ni nyuzi za mafuta za kawaida ambazo kila pua inazo, na ukizikamua hujaa tena ndani ya wiki chache. Salisiliki huzipunguza zisionekane sana, haizimalizi. Pia aliacha kujifukiza mvuke "kufungua vitundu". Vitundu havina milango.

Kitu kingine kwa ngozi ya mafuta: kuipaka krimu bado ni lazima. Mdogo wangu aliruka hatua hiyo wiki mbili akiamini atajikausha apone. Akapata uso unaong'aa mafuta juu na kubabuka chini, vyote kwa pamoja.

Mama alikuja na shida ya kinyume chake. "Mwanangu, ngozi inanipukutika kwenye paji, nipe dodoki niitoe." Nusura nimpe. Magamba yale meupe yalionekana kabisa kama kitu cha kuondoa. Lakini ngozi kavu inapopukutika mara nyingi inalia njaa ya unyevu. Seli hudondoka kwa mafungu kwa sababu vile vimeng'enya nilivyovitaja vinahitaji maji ili vikate vizuri. Kwa hiyo hatukuondoa chochote. Wiki mbili alipaka krimu nzito asubuhi na usiku, juu ya uso ambao bado una umaji wa kunawa, basi. Magamba karibu yote yakaondoka. Ndipo tukaongeza laktiki ya asilimia 5, mara moja kwa wiki, Ijumaa usiku. Laktiki nayo huvuta unyevu, ndiyo maana niliichagua kuliko glaikoliki. Kwa miguu, ambako ngozi yake ilikuwa na michirizi kama udongo uliopasuka, anatumia losheni ya urea asilimia 10, na hiyo anaipaka kila siku bila kuniuliza.

Salisiliki mama haigusi. Hapatani na aspirini, na hizo mbili ni ndugu wa damu. Mwenye mzio wa aspirini aulize daktari kabla ya kujipaka.

Angekuwa na mabaka mekundu yanayowasha, au ukurutu, hata laktiki nisingempa. Huko ni kwa daktari wa ngozi moja kwa moja, si kwenye rafu yangu.

Mume wangu ni mtu wa sabuni moja kwa mwili mzima, hadi nywele. Shida yake ilikuwa vipele vya ndevu shingoni. Nywele zilizojikunja zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake hurudi ndani inapoota, na mwili huishambulia kama mwiba. Kulegeza seli za juu husaidia ncha itoke nje. Anatumia asidi kidogo shingoni usiku ambao hatanyoa kesho yake, na ameacha kunyoa kwa kupita wembe kinyume na nywele. Mara moja alijisahau, akapaka mara tu baada ya kunyoa. Nilimsikia kutoka jikoni.

Aliyebaki ni mimi. Nina ngozi mchanganyiko: mafuta puani na kidevuni, mashavu makavu. Zamani nilidhani hiyo inamaanisha nitafute bidhaa moja ya katikati. Siku hizi napaka salisiliki puani na kidevuni tu, na mashavu nayapa mandeliki mara moja kwa wiki, wakati mwingine mara moja kwa siku kumi. Uso si lazima utendewe sawasawa wote.

Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ngozi yangu ni nyeusi, na maelekezo mengi niliyosoma hayakuandikwa kwa kuifikiria. Karibu yote yanasema: "Acha ukiona wekundu." Wekundu wangu hauonekani. Siku ile ya Jumapili nilitazama kioo, sikuona wekundu, nikaendelea. Kwenye ngozi nyeusi muwasho huja kama weusi uliozidi, au zambarau iliyofifia, au kijivujivu kama majivu, na mara nyingi huja umechelewa. Kwa hiyo sitegemei macho. Ninategemea mguso: uso una joto kuliko shingo? Unabana nikitabasamu? Krimu yangu ya kawaida, ambayo haijawahi kuniwasha, leo inawasha? Jibu la ndiyo kwa moja tu kati ya hayo linafunga rafu wiki mbili.

Na sisi tunalipa zaidi. Ngozi yenye rangi nyingi ikijeruhiwa, hata kidogo, seli zinazotengeneza rangi hujibu kwa kumwaga rangi zaidi pale pale. Babuko hupona ndani ya siku chache, doa hubaki miezi. Ule muwasho niliouita "inafanya kazi" ndio ulionichorea madoa niliyokuja kuyapigania kwa miezi mitano. Kuchonyota kidogo kwa sekunde chache unapoanza asidi mpya ni jambo linalotokea. Kuwaka kunakoendelea dakika nzima ni kuungua. Nawa kwa maji mengi ya kawaida, usisubiri.

Daktari wa ngozi niliyemwendea alinisikiliza, akacheka kidogo (nilimsamehe), akaninyang'anya kila kitu. Sabuni laini usiku tu; asubuhi maji. Krimu ya kawaida yenye seramaidi (mafuta ya aina ile iliyomo kwenye ngozi yenyewe), isiyo na manukato. Mafuta ya mgando juu ya sehemu zilizobabuka. Kinga ya jua kila asubuhi. Wiki sita, akasema, na usiniletee hadithi ya vitamini C. Wiki ya kwanza nilijiona mchafu. Ya tatu maji yaliacha kuwasha.

Kinga ya jua isingekuwa na mjadala ila watu wanaijadili. AHA huifanya ngozi iungue jua kwa urahisi zaidi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imependekeza tangu 2005 kwamba bidhaa hizi ziwe na onyo hilo, na hali hiyo inaweza kubaki hata wiki moja baada ya kuacha. Natumia yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili iliyojaza vidole viwili kwa uso na shingo, na narudia kila saa mbili nikiwa nje. Baada ya madoa nilihamia ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma, kwa sababu hizo hukinga pia mwanga unaoonekana, ambao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi. Ambaye hataki kabisa kupaka kinga ya jua asubuhi, asipake asidi usiku. Hapo sina upole.

Chupa mpya ya asidi ikiingia nyumbani, haipandi usoni siku hiyo. Inapakwa nyuma ya sikio au ndani ya mkono, tunasubiri siku mbili. Kisha mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, usiku, juu ya uso uliokauka vizuri. Napaka mafuta ya mgando kidogo kwenye kona za pua, za midomo na chini ya macho kabla ya asidi, maana huko ndiko inakojikusanya na kuchoma. Haichanganywi na retinoli usiku mmoja, wala na benzoili peroksidi kwa wanaotumia dawa hiyo ya chunusi. Haipakwi penye kidonda, penye jua lililochoma, wala siku ya kung'oa nywele kwa nta. Aliye kwenye vidonge vya isotretinoini (dawa kali ya chunusi), au mjamzito, aulize daktari wake kwanza.

Rafiki yangu aliniandikia majuzi, na picha ya chupa ndogo aliyoagiza mtandaoni: glaikoliki asilimia 70. Alitaka kujua aiache dakika ngapi. Nilimwambia aifunge kifuniko. Hizo ni za mikono ya daktari, na mwaka 2024 mamlaka ileile ya Marekani ilitoa onyo kuhusu asidi kali kama hizi zinazouzwa kwa watu wa kawaida, kwa sababu zinaweza kuchoma ngozi na kuacha makovu. Akaniuliza basi limau na sukari? Limau lina pH ya karibu 2, kali kuliko chochote kwenye rafu yangu, na utomvu wake ukikutana na jua huweza kuacha malengelenge na madoa. Magadi ya kupikia nayo yanavuta upande wa pili, yanaivuruga asidi ya asili ya ngozi. Alinijibu kwa emoji ya mtu aliyechoka.

Na tafadhali, asidi hizi si za kujichubua. Kiswahili kinatumia kitenzi kilekile, kuchubua, kwa kuondoa seli zilizokufa na kwa kubadili rangi, na nimeulizwa mara nyingi kama "nitakuwa mweupe". Hapana. Huondoa weusi wa doa lililoongezeka, taratibu, rangi yako inabaki ilivyo. Krimu inayokuahidi rangi nyingine ndani ya siku saba ichunguze viambato vyake, kwani zebaki imeshakutwa katika nyingi za aina hiyo.

Tona yangu ya glaikoliki asilimia 10 bado ipo, chupa karibu nzima. Sikuitupa, iliniuma fedha yake. Naipaka kwenye visigino Jumapili usiku, halafu soksi. Vimekuwa laini kuliko mashavu yangu, na mama ameshaanza kuniuliza nimepaka nini.